Boti inachelewa kwa laptopu kabla hata ya kufika intaneti

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nijibu ile makala yenu ya vijana wa hapa Nairobi wanaotengeneza boti, yaani programu zinazojiendesha zenyewe, za kununua na kuuza kripto. Mliwaambia wakitaka kasi waweke intaneti ya nguvu ama wakodishe sava karibu na soko. Hapo hamjakosea, umbali ni umbali, kutoka Kasarani mpaka sava iliyo Tokyo ujumbe kwenda na kurudi lazima ule zaidi ya milisekunde 100 hata ukilipia faiba ya bei gani. Lakini mmeacha kitu ambacho kijana anaweza kurekebisha leo jioni bila kulipa chochote, na hicho ndicho kinaniuma, manake nawaona wakichangishana pesa ya sava ilhali shida iko ndani ya programu yao wenyewe.

Shida ni kusaini. Kila ombi la kuweka ama kufuta oda, na kwa masoko mengi hata la kuangalia salio, lazima lisainiwe kwa ufunguo wa siri ndio soko lijue ni wewe. Masoko mengi bado yanatumia njia ya kusaini inayoitwa HMAC-SHA256, na hiyo ni hesabu nyepesi sana, inaisha kwa maikrosekunde, kama soko lako ni la hivyo achana na hii barua uendelee na kazi. Wanaoumia ni wale wa masoko kama Hyperliquid, ambako unasaini kwa ufunguo wa waleti, yaani kwa ECDSA, njia nyingine ya kusaini, juu ya ule mkunjo wa hesabu (curve) uitwao secp256k1 unaotumika pia na Bitcoin na Ethereum. Hapo namba za biti 256 zinazidishwa tena na tena, na ukiachia lugha ya Python tupu ifanye hiyo kazi inahema. Wenye CCXT, ile laibrari ya kuunganisha boti na masoko ambayo karibu kila kijana wa boti anaitumia, wanasema sahihi moja inakula kama milisekunde 45, na ukiweka coincurve, laibrari nyingine ya kusaini kwa kasi, inashuka chini ya 0.05.

Sasa mtu ataniambia, 45 ni nini na mtandao wenyewe unakula mara kadhaa ya hizo? Hapa ndipo watu wengi wanapotelea. Kusubiri mtandao kunaweza kwenda kwa pamoja, unatuma oda 20 na zote zinasafiri wakati mmoja, lakini kusaini kunashika prosesa, na kwa asyncio, njia ya Python ya kuendesha kazi nyingi kwa zamu, kila kitu kiko kwa uzi mmoja, kwa hivyo ni kama foleni kwa ajenti mmoja wa M-Pesa, hakuna kuruka. Piga hesabu: oda 20 mara 45 ni milisekunde 900, karibu sekunde nzima, na muda huo wote boti haisomi bei mpya, haipokei majibu, haifanyi kitu. Tena oda ya kwanza inaweza kuwa imesainiwa kitambo na bado imekaa tu ikingoja wenzake 19 wamalize ndio ipate nafasi ya kutoka. Ukiwa na coincurve hizo 20 zote zinaisha ndani ya milisekunde moja. Sava ya Tokyo haikupi hiyo tofauti, utakuwa umehamisha foleni tu ukaipeleka Tokyo.

Na dawa ni mstari mmoja, pip install coincurve, CCXT ikiikuta inaitumia yenyewe. Ndani yake ni libsecp256k1, kazi ya watengenezaji wa Bitcoin Core, programu kuu ya Bitcoin, iliyoandikwa kwa lugha ya C, na wao wenyewe walipoanza kuitumia kukagua sahihi mwaka 2016 kwa toleo la 0.12 kasi yake ilizidi mara kadhaa ile ya OpenSSL, laibrari waliyotumia awali. Kama soko lako linakupa kuchagua aina ya ufunguo, kama Binance, angalia Ed25519 kabla ya RSA, RSA ni nzito kusaini. Pia ufunguo usomwe mara moja boti ikiwaka, nimeona programu nyingi zinafungua faili ya ufunguo upya kwa kila oda, hiyo ni kazi ya bure. Na kabla ya yote pima, weka time.perf_counter, saa ya Python ya kupimia, kabla na baada ya kusaini uone namba yako mwenyewe.

Ila tafadhali msitafute kasi kwa kujitungia njia ya kusaini. ECDSA inataka namba ya siri mpya kwa kila sahihi, ikijirudia mara mbili tu ufunguo wako unapigiwa hesabu na kupatikana, na mwaka 2013 watu waliibiwa bitcoin kwa waleti za Android kwa sababu jenereta ya namba nasibu ilikuwa mbovu. Na kuna watu huko kwa magrupu ya Telegram wanauza huduma ya kusaini haraka, ati uwatumie ufunguo wakusainie kwa sava yao. Hii sheria ya kripto ya 2025 imeipa Benki Kuu na CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji, kazi ya kusimamia kampuni, lakini ufunguo ukishautoa mwenyewe pesa inatoka kwa sahihi halali kabisa, na soko halina njia ya kujua si wewe.

Naomba makala ijayo mliweke hili, na mlitaje kabla ya bei za sava.

Msomaji wenu,
Kasarani, Nairobi