Chamberlain alikuwa meya kabla ya kuwa waziri

Mhariri,

Huku kwetu Joseph Chamberlain hutajwa kama waziri wa makoloni wa Uingereza aliyekuja kuitazama reli ya Uganda mwaka 1902, basi. Kazi yake iliyo bora, kwa maoni yangu, ni umeya wa Birmingham, mji wa viwanda huko Uingereza, 1873 hadi 1876.

Alifika huko 1854 akiwa na miaka 18, akashika mauzo ya kiwanda cha skrubu ambacho babake alikuwa ametia mtaji. Skrubu zenyewe zilikuwa na ncha kali, zikijichimbia kwenye mbao. Zilimtajirisha.

Akiwa meya, alizinunua kampuni mbili za gesi ya taa zilizokuwa zikishindana, kila moja ikifukua barabara zilezile kulaza mabomba yake. Bei: karibu pauni milioni 2, za mkopo. Mwaka wa kwanza tu faida ilizidi pauni 30,000. Maji aliyanunua kwa pauni milioni 1.35, ila hapo faida hakuitaka. Hiyo aliiachia gesi.

Kilichokwenda kombo ni Corporation Street, barabara mpya aliyoikata katikati ya mji. Vibanda vilibomolewa, viwanja vikakodishwa kwa miaka 75 ili mwishowe virudi kwa manispaa pamoja na majengo yake. Nyumba za waliohamishwa hazikujengwa ila chache mno, na wengi wao wakasongamana mitaa ya jirani.

Msomaji,
Mombasa