Alhamisi tunarusha mubashara kutoka ukumbi wa TV

Habari za jioni wanahosteli wote, Malimbe na Nyegezi.

Alhamisi saa 2 usiku tunarusha tena mubashara mazungumzo yetu ya ukumbini. Jumapili tulikuwa kumi na wawili tu ukumbini, lakini waliotufuata kwa simu wakiwa vyumbani walikuwa wengi zaidi. Dada mmoja wa mwaka wa kwanza akaandika, "Nipo ghorofa ya juu, naona aibu kushuka." Tukausoma ujumbe wake hewani, tukamkaribisha. Haikupita muda kaingia, kikombe cha chai mkononi, akakaa mpaka mwisho. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Sauti ilituangusha. Feni ilivuma kwenye maiki, wengine hawakuambulia neno. Safari hii feni inazimwa na kila mzungumzaji atabana maiki ndogo kwenye kola. Kamera isielekezwe koridoni hata kidogo, watu wanatoka kuoga na khanga zao.

Jumapili tuliazima akaunti ya Instagram ya kaka mmoja. Sasa tunahamia YouTube, ambako huwezi kurusha kwa simu mpaka chaneli ifikishe wafuatiliaji 50, na kuwezeshwa mara ya kwanza huweza kuchukua hadi saa 24. Tuna 43. Naombeni mjiunge leo, tusije tukahangaika Alhamisi jioni.

Mnaotazama kwa bando, shusheni ubora hadi 360p, uso wa mtu unaonekana vizuri tu.

Mwenye stendi ya simu aniandikie inbox.