Harambee ya dari ya nyumba ya mawe, Mkomani

Assalaam alaykum ndugu, jamaa na majirani, mlioko Lamu na mlio mbali.

Aliyeingia nyumba kuu ya mtaa wetu siku hizi ameona magogo tuliyosimamisha katika msana wa yuu, ukumbi ulio kabla ya chumba cha ndani. Yameshika dari. Mvua ya masika yaliyopita ilipenya kwa juu ikalala ndani ya sakafu, na ncha za boriti zilizozama ukutani zikaoza. Saba zimekatika. Watoto wa chuo cha Kurani tumewahamisha, maana hatuwezi kuwakalisha chini ya dari tusiyoiamini.

Kwa hati nyumba ni ya ukoo mmoja, lakini ni nani hapa Mkomani ambaye hakuwahi kufaidika nayo? Maharusi wa mtaa wametolewa kutazamwa mbele ya zidaka zile za ndani, vishubaka vya ukutani. Maiti zetu zimeoshwa katika chumba kiitwacho nyumba ya kati, hata za wale ambao nyumba zao zilikuwa finyu. Wazee wanaongoja sala hukaa barazani dakani, ukumbi wa mlangoni, na mgeni wa mtu yeyote alilazwa sabule, chumba cha wageni, bila kuulizwa atakaa siku ngapi. Wenyewe wamefuatwa na wanunuzi zaidi ya mara moja, wakakataa. Kwa hilo tu wanastahili tuwasaidie.

Vijana waliozaliwa ughaibuni wanatuuliza nyumba kama hii ina nini hasa. Anzeni na upana wa vyumba. Ni mita 3 au pungufu kidogo, kwa sababu urefu wa boriti ya mkoko ndio uliompimia fundi wa karne ya 18. Kwa hiyo vyumba vilipangwa kimoja nyuma ya kingine: kiwanda, yaani ua ulio wazi kwa jua, msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Kila ukiingia unapanda kidogo na mwanga unapungua, hadi unafika pale penye baridi na faragha kuliko pote. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene karibu nusu mita. Zidaka zilichongwa katika plasta ya chokaa na mafundi ambao majina yao hatukuyahifadhi, na humo waliweka misahafu na sahani za Kichina. Hakuna ramani iliyoandikwa ya ujuzi huo. Ramani ni nyumba yenyewe, na ikianguka fundi kijana hana pa kwenda kupima.

Mji wetu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya Unesco mwaka 2001. Ni fahari kwetu, lakini matengenezo ya nyumba yamebaki mikononi mwa wenyewe. Tumekwishaona mwisho wa kungoja. Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Karibu zaidi, nendeni kisiwa cha Pate: tumbaku inalimwa katikati ya kuta za majumba yaliyobaki magofu.

Kuna kosa letu pia, na tunalisema ili lisirudiwe. Miaka ya nyuma tuliziba nyufa za juu kwa saruji, kwa kuwa ilikuwa rahisi na ya haraka. Chokaa hunywa unyevu na kuutoa jua likichomoza. Saruji iliufungia ndani, chumvi ikatoka kwenye mawe, plasta ikabambuka na boriti zikaozea gizani. Safari hii ni chokaa tupu, iliyochomwa kwa tanuu na kulowekwa ikaiva. Ni kazi ya polepole, na hapo ndipo gharama ilipo: siku za fundi.

Tunahitaji boriti korija 3 (yaani 60), mawe ya Maweni kisiwani Manda, chokaa, na ujira wa fundi mkuu na vijana wawili watakaojifunza kwake. Mwenye mashua atuvushie mawe kutoka Manda. Mwenye punda atupe asubuhi moja ya kupandisha mzigo kutoka gatini, kwani vichochoro vyetu havipitishi kingine. Kina mama wa mtaa wamekwisha kujitolea chakula cha mafundi kwa juma la kwanza. Tunatafuta watakaochukua juma la pili na la tatu. Aliye Mombasa, Muscat au London atume fungu lake kwa jamaa yake aliye hapa, naye amkabidhi mweka hazina na aandikiwe risiti. Hata bei ya boriti moja inapokewa, na daftari litasomwa hadharani kila Ijumaa.

Mweka hazina hukaa kwenye baraza ya nyumba hiyohiyo kila siku baada ya sala ya alasiri. Magogo hayatahimili masika mengine, kwa hiyo tunataka boriti ya kwanza ipandishwe kabla ya mwezi wa tatu.