Barua kwa Mama Daudi, kuhusu wanja wa mwanao

Mpendwa Mama Daudi,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumbani. Barua yako nilikaa nayo siku mbili kabla ya kushika kalamu, maana sikutaka kujibu kwa papara jambo linalokunyima usingizi. Unasema Daudi amelaza nywele upande mmoja hadi jicho la kushoto halionekani, havai ila nyeusi, anajifungia chumbani na muziki wa makelele, na juzi umemfumania mbele ya kioo akijipaka wanja wako. Jirani naye akaja na lake: hao ni emo, wanaabudu shetani, wanapenda kufa. Unaniuliza kama ni kweli.

Si kweli, dada yangu; emo ni aina ya muziki na vijana wanaoupenda, basi. Nalitanguliza hilo ili mengine uyasome roho ikiwa imetulia.

Wala sisemi kwa kusikia. Mdogo wangu Yona wewe umemjua akiwa mtu mzima, baba wa watoto wawili, mcheshi. Hukumwona mwaka 2007 alipokuwa na miaka 16. Alikuwa kama huyo Daudi unayenieleza: suruali za kubana, mkanda wenye vichuma, raba nyeusi alizozichorachora kwa kalamu, na nywele hizo hizo. Siku moja alirudi kutoka shule ameinua begi usawa wa uso. Mwalimu alikuwa amemsimamisha mbele ya darasa akamkata nywele za mbele kwa mkasi wa karatasi, wenzake wakicheka. Hakuzimaliza, alikata kipande akaacha kipande, makusudi, ili aibu ionekane. Mama alimuuliza, "Umefanya nini wewe?" Na mimi, dada mkubwa, nikamwambia jikaze kiume. Maneno hayo mawili yananiuma hadi leo kuliko ule mkasi.

Usiku ule hakula. Nilipoingia chumbani kwake hakuniambia kitu, ila alichomoa spika moja sikioni akanipa, nyingine akabaki nayo. Tukakaa sakafuni, waya mfupi, vichwa vikigusana. Nilitegemea kusikia mambo ya kutisha. Nilichosikia ni mwanamume akiimba kwamba anaogopa, sauti ikamkatika katikati ya mstari, na wakairekodi vivyo hivyo, hawakumwambia arudie. Sikuwahi kabla ya hapo kusikia mwanamume akiachwa asikike hivyo. Tangu siku ile nimekuwa nikiufuatilia muziki huu na watu wake, sasa ni miaka mingi.

Jina lenyewe la emo limekatwa kutoka neno la Kiingereza "emotional", la mambo ya hisia. Chimbuko lake ni Washington, D.C., Marekani, katikati ya miaka ya 1980. Mji ule ulikuwa na vijana wa panki, muziki wa magitaa na makelele, hasa ile ya kasi na hasira inayoitwa hadikoo, na maonyesho yao yalikuwa yamegeuka uwanja wa ngumi. Baadhi yao wakachoka. Mwaka 1984 ikaundwa bendi ya Rites of Spring, mwimbaji akiwa Guy Picciotto. Kasi ilibaki, kelele zilibaki, lakini maneno yakageukia ndani: majuto, urafiki uliovunjika, muda unaopita usirudi tena. Waliokuwepo wamesimulia kwamba watu walikuwa wakilia ukumbini bila kujificha. Ian MacKaye, aliyekuwa ametoka kwenye bendi kali ya Minor Threat, naye akaanzisha Embrace kwa roho hiyo hiyo. Kiangazi cha 1985 wakakipa jina la kiangazi cha mapinduzi, na kiangazi hicho hicho vijana wa kundi lao walikwenda kupiga ngoma nje ya ubalozi wa Afrika Kusini kupinga ubaguzi wa rangi. Nalitaja hili kwa kuwa jirani yako anadhani hawa ni watu wa kujililia wenyewe tu. Aliyejifunza kusikia maumivu yake huwa mwepesi wa kusikia ya mwenzake. Mimi nimeliona kwa Yona.

Jina la emo wao hawakulipenda. MacKaye alilikejeli jukwaani tangu siku za mwanzo. Gerard Way wa My Chemical Romance, bendi ambayo dunia nzima iliiita emo, naye alilikataa hadharani. Kwa hiyo ukimuuliza Daudi kama yeye ni emo, akakataa, usidhani anakuficha. Karibu wote hukataa.

Sasa hilo la nguo. Miaka ya 1990 muziki huu ulikuwa umefika Seattle na majimbo ya katikati ya Marekani, ukalainika, gitaa likawa la kudonoa nyuzi moja moja. Tazama jalada la albamu ya mwaka 1999 ya bendi iitwayo American Football. Ni picha ya nyumba ya kawaida kabisa, ya mbao, huko Urbana, Illinois, imepigwa kutoka chini usiku, dirisha la juu lina mwanga. Basi. Hakuna fuvu, hakuna damu, hakuna wanja. Lakini watu wamekuwa wakisafiri kutoka mbali kwenda kusimama mbele ya nyumba ile na kupiga picha, na mwaka 2023 bendi na wenzao wakainunua ili isije ikabomolewa. Mimi nikiitazama picha ile namwona kijana aliye macho nyuma ya lile dirisha wakati nyumba nzima imelala. Vijana wa wakati ule walivaa fulana na miwani ya kusomea. Ungewapita njiani usiwageukie.

Wanja, nywele za kufunika jicho na suruali za kubana vilikuja kwa wingi miaka ya 2000, muziki ukiwa na karibu miaka 20. MySpace, mtandao wa kijamii wa wakati ule, ilianza 2003, kila kijana akataka picha yake, na picha haionyeshi unachosikiliza, inaonyesha sura. Ndipo sura ikameza jina. Watu wa nje wakaona nywele wakadhani wameona kila kitu.

Ukiniuliza mimi emo ni nini, nitakwambia ni ruhusa. Ruhusa ya kusema unavyojisikia mbele za watu, kwa sauti, bila kuomba radhi. Kuna onyesho la mwaka 2002 la bendi ya Dashboard Confessional lililorekodiwa na MTV, televisheni ya muziki. Mwimbaji wao, Chris Carrabba, amekaa na gitaa lake, na hadhira inaimba naye neno kwa neno, kwa nguvu hadi mahali pengine inamfunika. Watazame wale watoto nyuso zao. Huwezi kusema wanapenda kufa. Wamejua tu kwamba lile walilokuwa wakiona ni aibu yao peke yao, kumbe ni la watu wote mle ndani.

Jirani yako si wa kwanza kukosea, na makosa haya yamewahi kumwaga damu, ndiyo maana siyachukulii kama porojo za kibarazani. Tarehe 7 Machi 2008, mjini Querétaro, Mexico, mamia ya vijana walikusanyika katikati ya mji kuwasaka emo na kuwapiga. Waliwaita majina ya kuwadhalilisha, wakidai si wanaume kamili. Kosa lao lilikuwa nywele, wanja na ulaini. Siku chache baadaye fujo zikafika jiji la Mexico, na wale waliopigwa wakaandamana kudai waachwe waishi. Mwaka huo huo Urusi wabunge walijadili mapendekezo ya kuzuia mavazi ya emo shuleni na kwenye majengo ya serikali. Baghdad, mwanzoni mwa 2012, lilifika pabaya zaidi: wizara ya mambo ya ndani ya Iraq ilitoa tamko likiwahusisha emo na ibada ya shetani, na katika majuma yaliyofuata vijana waliodhaniwa kuwa emo wakauawa. Soma tena hilo neno, waliodhaniwa. Yaani suruali ya kubana na nywele ndefu zilitosha. Neno la jirani yako lina ndugu zake, na ndugu zake ni hao.

Uingereza hawakupiga mtu, walitumia kalamu. Gazeti la Daily Mail liliwaeleza wasomaji wake kwamba emo ni kundi la hatari kwa watoto, na mwaka 2008, baada ya kifo cha msichana mmoja, lawama zikaelekezwa kwa My Chemical Romance. Mwezi Mei mashabiki wakaenda kusimama nje ya ofisi za gazeti hilo London na mabango. Bendi yenyewe ilitoa pole na kusema wazi kwamba siku zote imepinga vurugu na kujiua. Na ukweli uko kwenye kazi yao. Albamu yao ya 2006, The Black Parade, inamfuata mgonjwa wa saratani anayekaribia kufa, lakini inakofikia mwishoni ni wimbo wa mtu anayekataa kuogopa kuendelea kuishi. Yona alikuwa na maneno ya wimbo huo ameyanakili nyuma ya daftari la hesabu. Mama alilikuta daftari, akaona maneno ya kifo kwenye kurasa za mbele, akalia. Hakufungua nyuma.

Usiwachanganye pia na goth, kundi jingine la wavaa nyeusi. Hao walitoka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, wana muziki wao na mapenzi yao ya makaburi na riwaya za kale. Rangi nyeusi tu ndiyo inayowakutanisha.

Ila sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuna mawili yanayonikera mimi mwenyewe. La kwanza, nyimbo nyingi za wakati ule ziliimbwa na wavulana, na msichana humo ndani hakuwa na kazi ila kumvunja mtu moyo. Mwandishi Jessica Hopper alililalamikia hilo kwa uchungu mwaka 2003, na alikuwa na haki. Mtu anayeomba asikilizwe maumivu yake hapaswi kumfanya mwenzake kuwa kinyago. Siku hizi mambo yamepanuka, na Hayley Williams, mwimbaji wa bendi ya Paramore, amechangia sana kuwafungulia wasichana lango. Ukisikia Daudi anaimba maneno ya kumlaani msichana, mketishe mzungumze.

La pili ni zito zaidi. Wapo vijana wanaoingia kwenye muziki huu wakiwa tayari wameumia sana, na wapo wanaojidhuru. Siwezi kukuficha hilo. Lakini angalia kipi kilitangulia. Yona alianza kunyamaza baba alipofariki, mwaka mzima kabla ya kupaka wanja, na hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa mtoto mkimya haonekani kuwa na shida. Tulishtushwa na nywele. Kama tungeshtushwa na ule ukimya, tungemfikia mapema zaidi.

Kwa hiyo acha nywele. Angalia kama analala, kama anakula, kama bado ana rafiki anayecheka naye, kama ameacha vitu alivyovipenda, kama anazungumza kana kwamba kesho haimhusu. Ukiona hayo, muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru au kufa. Najua neno hilo ni gumu mdomoni kwa mama. Kuliuliza hakumpandikizii wazo. Kunamwonyesha kwamba unaweza kulibeba. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, mpeleke kwa mtaalamu siku hiyo hiyo, awe amepaka wanja au amevaa nyeupe kichwa hadi mguu. Na usipoona hayo, basi una mtoto wa miaka 15 aliyepata muziki anaoupenda, na hilo halihitaji kuombewa.

Ombi langu ni moja. Leo au kesho gonga mlango wake, ukae sakafuni, umwambie akuchagulie wimbo mmoja. Mmoja tu. Usiseme kitu mpaka uishe. Utaona makelele mwanzoni, subiri maneno. Kisha mpe kijiti chake mwenyewe cha wanja, maana mnavyochangia hicho kimoja mtaambukizana macho.

Nilimsomea Yona barua yako kwenye simu, unisamehe kama nimekosea. Alinyamaza kidogo, akauliza Daudi ana urefu gani. Ile fulana yake nyeusi ya mwaka 2007 bado iko kwangu sandukuni, mama aliwahi kuitupa nikaiokota. Yeye haimwenei tena. Anasema kama Daudi ataitaka, niitume, na mfukoni mwa barua ataweka orodha ya nyimbo aliyoiandika kwa mkono wake. Nijibu tu kama atapenda, na unipe kipimo cha mabega.

Wako,
Mama Neema