Filamu yenye upande si kosa

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita iliyodai kwamba dokumentari nzuri ni ile isiyoegemea upande imenikumbusha ugomvi wa mwaka 2006 hapa Mwanza, ule wa Darwin's Nightmare, ambayo wengi tuliiita filamu ya mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki kiwandani baada ya minofu kutolewa. Sikubaliani na mwandishi wenu, na filamu hiyo hiyo ndiyo shahidi wangu.

Hubert Sauper, Mwaustria aliyeitoa mwaka 2004, hakuficha upande wake. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, akawamaliza aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, na leo minofu yake inapanda ndege kwenda Ulaya huku mwenyeji akibaki na mifupa. Huo ni mtazamo, tena una hoja. Watoto wa mitaani aliowaonyesha tunawajua. Mama aliyeharibikiwa jicho kwenye vichanja vya mapanki naye ni mtu wa kweli.

Kasoro iko kwenye mkasi wa uhariri. Filamu nzima inauliza zile Ilyushin, ndege kubwa za mizigo, zinatua Mwanza zikiwa na nini tumboni, na mtazamaji anatoka ameshajijibu: silaha. Mwandishi wa habari wa kwetu anazizungumzia, ndiyo, lakini hatuoneshwi sanduku lililofunguliwa wala hati ya mzigo. Rubani anayekuja kufunguka mwishoni anasimulia kupeleka vifaru Angola na kurudi na zabibu kutoka Johannesburg. Mwanza haimo kabisa katika kisa chake. Huenda silaha zilipita kweli, sikatai, ila kuweka picha ya hapa jirani na maneno ya kule hakuthibitishi kitu.

Na mapanki yenyewe? Aliyeko Paris akiona vile vichanja vyenye mafunza ataamini Mwanza nzima inakula uozo. Kichwa cha sangara kilichotoka kiwandani asubuhi kina nyama ya mashavu na mafuta ya kutosha, na supu yake watu wanaifuata kwa sababu ni rahisi na ni tamu. Mapanki mengine husagwa kuwa chakula cha mifugo. Sauper angemuuliza muuzaji haya yametoka lini na yanakwenda wapi, tungekuwa na filamu ile ile, kali vile vile, isiyopingika.

Lakini na sisi tulifanya nini? Rais Kikwete aliilaani hadharani, watu wakaandamana, na vyombo vyetu vikabeba kauli za viongozi kama zilivyo. Niliowauliza wakati ule, hakuna aliyekuwa ameiona filamu yenyewe. Stori zilibalansiwa vizuri tu: kiongozi huyu kasema, na yule kaongeza. Mwandishi aliyeonekana kwenye filamu aliandamwa hadi uraia wake ukatiliwa shaka. Sikumbuki kusoma habari hata moja iliyofuatilia daftari za mizigo pale uwanja wa ndege, na hilo ndilo swali pekee lililokuwa na maana. Kule Ufaransa mwanahistoria François Garçon naye alimshutumu Sauper kwa kupanga matukio, akashtakiwa, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikamtia hatiani kwa kumchafulia jina. Wakosoaji nao hudaiwa ushahidi.

Kwa hiyo mnapopima dokumentari, au habari ya ukurasa wa kwanza, msihesabu kila upande umepewa dakika ngapi au aya ngapi. Angalieni kama mtengenezaji ametenganisha alichokiona, alichoambiwa na nani, na anachokikisia. Afisa habari kupigiwa simu saa kumi na moja jioni ili aongeze sentensi mbili za mwisho hakuifanyi stori kuwa ya haki. Mkitaka mahali pa kuanzia, ingieni maktaba yenu mtoe mlichoandika Agosti 2006, mkipitishe kwenye kipimo hicho, kisha mkichapishe tena na maelezo pembeni. Nitalinunua gazeti la siku hiyo.

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza