Mama, Uswisi tutapita njia ya juu

Munich, Jumapili usiku

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila baridi inatuonea. Nimefurahi kusikia goti limepoa na bima umeshakata. Angalia cheti kiwe cha euro 30,000 au zaidi, chini ya hapo viza hawatoi. Maombi peleka kwa Wajerumani, kwa kuwa huku ndiko utakakokaa siku nyingi. Austria, Italia na Uswisi utaingia kwa viza hiyohiyo ya Schengen.

Sasa treni ya kwenda Venice, Italia, na kurudi kupitia Uswisi. Wiki nzima niko na ramani, hadi mkweo ananicheka. Mimi mkazi wa huku nakata pasi ya Interrail, yaani tiketi moja ya kupandia treni za nchi nyingi; wewe unayetoka nje ya Ulaya unakata Eurail. Wenye miaka 60 na zaidi hupunguziwa asilimia 10 (samahani kwa kukutangaza). Tutachukua ya siku nne ndani ya mwezi mmoja, yaani siku nne za kupanda treni. Tukitulia Venice siku tatu, pasi hailiki. Tiketi za kununua mapema nimezipigia hesabu, zingetoka nafuu kidogo, lakini zinakufunga na treni ileile uliyoandikiwa. Goti lako silisahau.

Tutapita Innsbruck, tuvuke milima pale Brenner, tuteremkie Verona hadi Venice. Italia usishangae tukitozwa tena: viti vya treni za kasi hulipiwa juu ya pasi. Mwisho treni inapita darajani katikati ya maji. Ukitoka stesheni ya Santa Lucia unashuka ngazi, mbele yako mfereji na maboti. Hakuna gari, hakuna bodaboda.

Kurudi ndiko nilikokesha. Kutoka Milan kwenda Zürich treni za haraka hupita handaki la Gotthard, kilomita 57 za giza. Utoke Tanga kote huko uje kutazama sura yako kwenye kioo? Hapana. Tutapanda zile za polepole, zinazofuata reli ya zamani ya mlimani, ya mwaka 1882. Ile reli inateremka kwa kuzunguka ndani ya mwamba, kwa hiyo kanisa la kijiji cha Wassen utaliona mara tatu: kwanza liko chini yetu, kisha usawa wa dirisha, halafu liko juu. Marehemu baba, na miaka yake yote pale stesheni, angebisha kwamba dereva amepotea njia.

Ile sifa ya Mjerumani na saa, kwenye treni isahau. Mwezi uliopita nilikosa treni ya kuunganisha nikala mkate mkavu stesheni hadi saa tano usiku. Kila tunapobadilisha nimeacha saa nzima.

Beba sanduku moja, lenye magurudumu. Mizigo hawapimi, lakini wapagazi hakuna na ngazi zipo. Samli iache, mama. Nyama na vitu vya maziwa kutoka kwetu forodha hawaruhusu. Najua umeshaichemsha, mpe shangazi.

Na huyo shangazi aamue wiki hii kama anakuja. Chumba nilichopata Venice kina vitanda viwili tu, na mimi chini silali.

Mwanao