Mhariri, lile pezi chini ya boti sio zinki tu

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaotuandalia gazeti. Nimeisoma ile makala yenu ya utunzaji wa boti ndogo, nimeisoma mara mbili kabisa, na kwa sehemu kubwa mwandishi kasema kweli, ila kuna sentensi moja imenifanya nishike kalamu. Kaandika kwamba zinki zote za mguu wa injini, vile vipande vya madini vinavyofungwa pale, kazi yake ni moja, kuliwa na kutu badala ya mguu wenyewe, kwahiyo zikiisha unafunga zingine unaendelea na safari. Hapo hapana. Kuna moja kati ya hizo inashika usukani pamoja na wewe, na ukiifunga kizembe utahangaika kama nilivyohangaika mimi msimu mzima.

Naongelea boti za stendraivu, yani zile ambazo injini imekaa ndani tezini halafu mguu na propela viko nje nyuma. Ukiinama nyuma ya mguu, juu ya propela, kuna bamba pana limelala bapa, na chini ya bamba hilo linaning'inia kitu kama pezi la samaki, dogo, linaenea kwenye kiganja. Hilo ndo mwenyewe. Watu wengi wanaliita zinki na wanaishia hapo, wala sio kosa lao maana ni kweli ni anodi, limetengenezwa kwa madini yanayoliwa upesi ili lioze lenyewe mguu wa alumini upone. Lakini kwanini wamelipa umbo la pezi? Wangetaka zinki tu wangebandika kitofali, na vitofali vipo sehemu zingine za mguu huohuo. Pezi limekaa pale ili maji yanayotupwa na propela yalisukume.

Sasa niwaambie yaliyonikuta. Boti yangu ina propela moja na usukani wa kebo, haina pawa stering. Ilienda sevisi ya kawaida, ikabadilishwa oili, ikabadilishwa zinki zote, ikarudi inang'aa. Siku ya kwanza majini nikafungua moto, boti ikapanda juu ya maji vizuri tu, halafu nikaanza kusikia usukani unanivuta mkono kwenda kulia, sio kidogo, yani ukilegeza vidole inaanza kukunja yenyewe. Baada ya nusu saa bega la kushoto linauma kama nimebeba gunia. Nikarudi kwa fundi (simtaji, ni mtu mwema na bado tunasalimiana), akasema kebo imekauka. Tukaweka kebo mpya. Ikavuta vilevile. Akasema basi beringi za mguu zimelegea, tukafungua, beringi nzima kabisa, tukarudishia. Ikavuta vilevile. Ikabaki anashauri tuweke pawa stering, na mimi nilishaanza kukubali jamani, mtu ukichoka unakubali chochote.

Aliyeniokoa ni shemeji yangu ambaye hata boti hana. Alikuwa amelala chali chini ya mguu na tochi anatafuta nati iliyodondoka, akauliza, hiki kikia mbona kimenyooka kama rula, na hapa juu kwenye rangi kuna mkwaruzo unaonesha zamani kilikuwa kimekaa upande? Nikainama nikaona. Pezi la zamani lilikuwa linaelekea kulia kidogo, kivuli chake bado kipo kwenye rangi ya lile bamba, na hili jipya limefungwa katikati nyoofu kabisa. Nikalitafuta la zamani kwenye ndoo ya makorokoro, limeliwa kingo zimekuwa kama biskuti iliyong'atwa, ila bado unaona lilivyokuwa. Bolti moja tu, Mhariri. Bolti moja ilinivunja bega.

Kwanini ivute? Propela nyingi za boti za injini moja, ukisimama nyuma ukatazama omo, zinazunguka kama akrabu za saa. Mapanga ya chini yanakata maji yaliyotulia, ya juu yanapita karibu na uso wa maji ambako kuna mapovu na vurugu, kwahiyo mshiko haulingani juu na chini, na propela inakuwa kama gurudumu linalotaka kutembea kwenda pembeni. Ongeza na hili, kama shafti ya propela haijalala sawa na mkondo wa maji, panga linaloshuka upande mmoja linabeba mzigo tofauti na linalopanda upande wa pili. Nguvu hiyo ya ubavuni inataka kuugeuza mguu mzima, mguu umeungwa na usukani, usukani uko mkononi mwako. Ndo maana mkono unavutwa, wala boti haina jini.

Pezi linajibu hiyo nguvu. Hapa sasa nisikilizwe vizuri maana hata mimi na shemeji tulibishana mpaka chai ikapoa. Boti ikivuta kulia, ule ukingo wa nyuma wa pezi unaupeleka KULIA. Ndio, kulekule inakovuta. Shemeji alisema hiyo ni kumwagia petroli kwenye moto, lazima upeleke kushoto. Nikamwambia hebu fikiria, pezi likielekea kulia, maji yanayotoka kwa propela yanaligonga upande wake wa kulia na kulisukuma kushoto, na kwakuwa limefungwa kwenye mkia wa mguu, mkia nao unasukumwa kushoto, mkia wa mguu ukienda kushoto boti inakunja kushoto, na huko ndiko tunakokutaka ili kuua ule mvuto wa kulia. Ikivuta kushoto unapeleka kushoto. Yani unafuata mvuto, hukimbii. Tukatoka majini nikalisogeza kidogo tu, kama unene wa kidole, usukani ukalegea nusu. Nikaongeza tena kidogo. Safari ya tatu nikaendesha kwa vidole viwili na shemeji akanyamaza, ambayo kwake ni sherehe.

Ila kuna mipaka yake na ndio maana nasema mwandishi wenu angeipa hata aya moja. Pezi unalipanga kwa mwendo mmoja, ule unaoutumia zaidi, na kwa trimu moja, yani kiasi ulichounyanyua au kuushusha mguu. Ukienda taratibu maji hayana nguvu ya kulisukuma kwahiyo halifanyi kitu, na ile boti kuyumbayumba kushoto kulia ukiwa unatambaa bandarini ni tabia ya stendraivu nyingi, usilisingizie pezi. Ukiunyanyua mguu sana kwa trimu, pezi linakaribia kutoka kwenye maji, kazi yake inapungua au inaisha kabisa, na mvuto wenyewe unabadilika, kwa propela ya kuzunguka kulia ukishusha mguu kupita kiasi inazidi kuvuta kulia, ukiunyanyua kupita kiasi inaweza kuanza kuvuta kushoto. Kwahiyo mtu asipange pezi leo mguu uko chini halafu kesho aendeshe mguu juu aseme limeharibika. Panga ukiwa kwenye trimu yako ya kila siku, sogeza kidogo, kaza, jaribu, rudia. Na kaza kwelikweli, pezi likilegea linajigeuza lenyewe na utajikuta boti inavuta upande mwingine katikati ya safari.

Wenye pawa stering mtasema nyie hayawahusu. Yanawahusu. Haidroliki inakuficha tu usisikie, nguvu bado ipo inasukuma mfumo muda wote. Kweli wasiohusika ni wale wenye propela mbili kwenye mguu mmoja zinazozunguka kinyume, kama DuoProp ya Volvo Penta iliyotoka 1982 au Bravo Three ya MerCruiser, pale propela moja inaifuta nyingine na mvuto karibu haupo, kwahiyo hata wakikuta anodi bapa isiyo na pezi hawana haja ya kushangaa. Shida inakuja mtu akiiona anodi bapa ya hivyo akaona hii nzuri haishiki majani, akaifunga kwenye mguu wa propela moja. Kutu itazuia, usukani utamtoa jasho.

Na tatizo lingine ambalo kwangu ndo kubwa kuliko yote, ni kwamba pezi linaisha polepole. Kazi yake ni kuliwa! Leo lina kingo kali, baada ya miezi limekuwa na matundu, limekonda, eneo la kugongwa na maji limepungua, na mvuto unarudi kidogokidogo kiasi kwamba hujui umeanza lini. Mtu anazoea. Anaanza kusema boti imezeeka. Mimi sasa hivi usukani ukianza kuwa mzito upande mmoja kitu cha kwanza naenda kuangalia pezi kabla sijamgusa mtu wa kebo. Kawaida inashauriwa anodi ikiliwa nusu ubadilishe, na mimi naona kwa hili pezi usisubiri hata hiyo nusu kama mkono ushaanza kulalamika. Kabla hujafungua la zamani chukua msumari au penseli chora mstari kwenye bamba, pale ukingo wa nyuma unapoelekea, halafu jipya unalifunga kwenye mstari huohuo. Sekunde kumi. Kwenye miguu mingi bolti yake imefichwa, unaanza kutoa kifuniko kidogo cha plastiki juu ya mguu ndo unaifikia kwa spana ndefu, na nadhani ndo sababu mafundi wenye haraka wanalitoa na kulirudisha bila kutazama lilikaaje.

Kwenye habari ya madini mwandishi alisema sawa lakini alipita mbio. Zinki ni ya maji ya chumvi, ukiipeleka kwenye maji baridi inajifunika gamba na kulala usingizi, inabaki nzima nzuri huku mguu ndo unaliwa, kwahiyo anodi isiyoisha kabisa isikufurahishe. Magnesiamu ni ya maji baridi tu, kwenye chumvi inaisha upesi mno. Alumini inafaa kwenye chumvi na hata pale mto unapokutana na bahari. Na USIPAKE RANGI. Nimeona boti mguu umepakwa rangi nyeusi moja kwa moja mpaka pezi, inapendeza, na pezi limekufa kama anodi, limebaki pezi tu. Vilevile pale linapokutana na mguu pasuguliwe mpaka chuma kionekane, likikaa juu ya rangi au uchafu umeme haupiti na mguu unaliwa huku pezi linatazama.

Humphry Davy, mwanakemia Mwingereza aliyeanza mchezo huu wa anodi 1824, alibandika vipande vya zinki na chuma kwenye shaba iliyofunika matumbo ya meli za kivita ili shaba isiliwe, na kweli haikuliwa, lakini ile sumu ya shaba iliyokuwa inafukuza wadudu wa baharini nayo ikakoma, meli zikaota chaza na majani mpaka zikawa nzito. Nimekikumbuka hicho kisa kwasababu naona ni hadithi ileile ya bega langu, unagusa kitu kwa ajili ya kutu, kinachobadilika ni mwendo wa chombo.

Halafu lipo la usalama ambalo sikuliona popote kwenye makala. Boti inayovuta sana, ukiachia usukani kwa kasi ili uokote kofia, inaweza kukunja ghafla ikamtupa mtu nje na yenyewe ikabaki inazunguka palepale alipo. Ile kamba ya kuzima injini ivaliwe mwilini hata kama usukani ni mwepesi kama wa baiskeli, na ukiona unalazimika kushika kwa mikono miwili kwenye maji matulivu, punguza mwendo urudi ukaangalie, usijikaze kiume.

Ombi langu Mhariri ni dogo. Mkirudia makala ile, wekeni picha ya mguu iliyopigwa kutoka nyuma, pezi lionekane, na mshale wa kuonesha ukingo unaenda wapi boti ikivuta kulia. Picha mliyotumia ilipigwa ubavuni, pezi halionekani kabisa, na kama jicho langu halinidanganyi ule mguu wenyewe ulikuwa wa autobodi, yani injini inayoning'inia nzima nje nyuma ya boti, sio stendraivu.

Ni mimi msomaji wenu, mwenye bega lililopona.